Mdogo wangu ameniuliza swali, leo siku ya tisa sijamjibu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naombeni ushauri, hasa nyie mliowahi kumleta ndugu wa damu kwa Yesu, maana ndugu anakujua mpaka hasira zako, huwezi kumficha kitu.

Mimi nimeokoka mwaka wa 11 huu. Mdogo wangu wa kiume bado. Nilivyookoka tu nikamvalia njuga, kila asubuhi mistari, klipu za mahubiri, mara nimwambie nimeota ndoto juu yake (na kweli niliota), meseji anasoma ila jibu hamna.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Tulikuwa tumeomba, tumefunga, na mimi nikatangaza mbele ya ndugu wote kwamba atapona. Hakupona. Siku ya msiba nikamshika mdogo wangu mkono nikamwambia huu ndo wakati wa kutengeneza na Mungu. Akautoa mkono wake taratibu, hakusema neno, akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi za nje. Ile picha hainitoki jamani. Nikisoma Yohana 11, Yesu anajua kabisa anaenda kumfufua Lazaro lakini alipomuona Mariamu, dada yake Lazaro, analia na yeye akalia, mimi nikaanza na mahubiri.

Tangu hapo nikaacha. Sijatuma tena hata mstari mmoja, nampigia tu kumjulia hali, watoto, kazi, mgongo wake unaomsumbua. Imepita miezi saba hivi. Sasa juzi juzi hapa saa nne usiku kapiga mwenyewe, akasema, "Dada nikuulize kitu, ila usinihubirie. Ulisema mama atapona na akafa. Wewe uliendeleaje kuamini?"

Nikamwambia mtoto analia, ntakupigia. Hakukuwa na mtoto anayelia.

Ukweli ni kwamba sikuendelea vizuri. Kama miezi mitatu nilikuwa naenda kanisani midomo inaimba moyoni hamna kitu, na siku moja nilimwambia Mungu waziwazi kuwa ameniaibisha. Nilirudi polepole sana, hakuna muujiza wala maono, ila nilikuja kuona kwamba hata ile kumlalamikia kumbe bado nilikuwa naongea naye, sikuwahi kuondoka.

Mzee mmoja wa kanisa ananiambia nisithubutu kumwambia hayo, eti mtu ambaye hajaamini ukimuonyesha shaka zako unamkwaza moja kwa moja. Mwenzangu wa maombi anasema mwambie yote kama yalivyo. Mimi naelemea huku kwa pili lakini naogopa, nisije nikaufunga mlango alioufungua mwenyewe. 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu kila mtu anayetuuliza habari za tumaini letu, kwa upole na kwa hofu. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema bila kuulizwa, leo nimeulizwa nimenyamaza, inaniuma sana. Kinachonitia moyo ni kwamba hata ndugu zake Yesu hawakumwamini, iko Yohana 7:5, na kwenye Matendo 1:14 unawakuta wako na wanafunzi wanaomba.

Kwa hiyo naombeni, mnaonaje, nimweleze yote hata ile miezi mitatu? Na ule uongo wa mtoto analia nianze kumuomba msamaha kwanza? Halafu ni kwa simu au nimfuate tukae uso kwa uso? Nataka nimtafute kesho jioni akitoka kazini.