Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria, Kinshasa: Kisangani bado inadai

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtoto wa Kisangani. Juni 5, 2000, tulijificha chini ya kitanda, mimi na wadogo zangu, na kwa siku sita hatukuthubutu kutoka. Majeshi ya Uganda na Rwanda yalikuwa yanapigania mji ambao si wa yeyote kati yao. Makombora zaidi ya 6,000 yalituangukia. Jirani yetu tulimzika uani, penye migomba, maana makaburini hakuendeki.

Uganda angalau ilihukumiwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru ilipe dola milioni 325 kwa awamu tano. Rwanda haikukubali mamlaka ya mahakama hiyo, na kesi yetu dhidi yake ilikwama mwaka 2006. Sasa mama aliyefiwa, asiyejua kombora lilirushwa kutoka ng'ambo ipi ya mto Tshopo, akadai kwa nani?

Hata hizo pesa zimetutia uchungu. Constant Mutamba, aliyekalia kiti chako, alihukumiwa mwaka 2025 kwa sababu ya dola karibu milioni 19 za mradi wa gereza la Kisangani. Yeye alikana. Lakini pesa hizo zilitoka kwenye fidia yetu, na hakuna aliyetuuliza kama tunataka gereza.

Ninachokuomba hasa ni kuhusu mazungumzo na waasi wa M23, walioiteka miji ya Goma na Bukavu mwaka 2025. Najua wapo wanaokushauri kwamba amani itangulie, haki itafuata. Baada ya mapatano ya amani ya Sun City, Afrika Kusini, tuliambiwa hivyohivyo, na mwaka 2003 viongozi wa waasi wakaapishwa kuwa makamu wa rais. Haki haikufuata. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilieleza matukio 617 ya ukatili na kupendekeza mahakama ya pamoja, ya majaji wetu na wa kigeni. Mpaka leo hatujaiona.

Usikubali msamaha kwa waliouwa raia, wawe wa M23, wa Kigali, wa Kampala au wa jeshi letu wenyewe. Jeshi la Uganda limo tena mkoani Ituri, safari hii kwa mwaliko wetu; tuambie limewajibika wapi kwa yale ya mwanzo.

Juni 5 ijayo njoo Kisangani. Utusomee hadharani ni nani wamelipwa, kiasi gani, na nani bado.