Domeini iwe kwa jina la mwenye biashara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye maduka, saluni na nyumba za wageni wanaotafuta vijana wa kuwatengenezea tovuti. Ugomvi mwingi kati ya mteja na fundi hauletwi na rangi wala picha. Huanza siku domeini, yaani lile jina linaloishia na .co.tz au .com, inaposajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi. Kwa msajili, yaani kampuni inayouza na kusajili domeini, mwenye mali ni yule aliyeandikwa. Mteja hubaki na meseji ya muamala tu.

Basi kabla hamjajadili tovuti itafananaje, fungua mwenyewe akaunti kwa msajili, lipia mwenyewe, kisha mpe fundi ruhusa ya kubadili rekodi za DNS, yaani maelekezo yanayoonyesha domeini iende kwenye seva ipi. Barua pepe ya kusajilia isiwe ile ya info@ ya domeini hiyohiyo. Muda wa domeini ukiisha, anwani hiyo nayo inakufa, na huko ndiko ilani za kulipia zinakotumwa. Tumia Gmail ya ofisi, iliyofungwa kwa laini ya simu ya mwenye biashara, si ya mfanyakazi. Kwa .com kuna la ziada: msajili hutuma kiungo cha kuthibitisha anwani yako ya barua pepe, na usipokibofya ndani ya siku 15 domeini inaweza kusimamishwa. Tovuti mpya ikizimika wiki mbili baada ya kuzinduliwa, anzieni hapo kabla ya kumlaumu mwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti.

Ambaye domeini yake tayari iko kwa jina la fundi amwombe aondoe kufuli ya domeini, ile inayozuia isihamishwe, na atoe msimbo wa uhamisho, yaani neno la siri la kuihamishia kwa msajili mwingine. Jina la .com ambalo halijatimiza siku 60 tangu lisajiliwe kwa kawaida haliendi kwa msajili mwingine, ila huweza kuhamishwa kutoka akaunti hadi akaunti kwa msajili yuleyule.

Mafundi nao wana kilio chao, maana wapo wateja wanaopokea kazi na kuzima simu. Lakini kushikilia jina la biashara ya mtu kama rehani si biashara. Fundi, chukua nusu ya malipo mwanzoni, ijenge tovuti kwenye anwani yako ya majaribio, na uihamishie kwenye domeini ya mteja akimaliza nusu ya pili. Hapo una dhamana yako bila kugusa mali yake.

Nawe mteja, siku ya makabidhiano kwa tovuti ya WordPress, ile programu ya kuundia tovuti, dai akaunti ya ngazi ya Administrator, yaani msimamizi mkuu. Ya Editor, yaani mhariri, inakuruhusu kusimamia maudhui tu, kama makala, kurasa na maoni. Huwezi kumwondoa mtumiaji mwingine wala kuongeza programu-jalizi, vile vijiprogramu vya kuiongezea tovuti uwezo. Dai pia nakala kamili: folda ya faili pamoja na hifadhidata, lile faili la .sql. Wengi hupewa folda peke yake wakaridhika kwa kuona picha zimo, kumbe maandishi, bei na oda zote zinakaa kwenye hifadhidata.

Fomu ya mawasiliano ndiyo inayopoteza wateja kimyakimya. Mara nyingi imepangwa itume ujumbe kana kwamba umetoka kwenye Gmail au Yahoo ya mgeni. Seva inayopokea inaona haukutoka huko, inautupa kwenye spam au kuukataa kabisa, huku mgeni ameandikiwa "Asante, tumepokea". Sehemu ya mtumaji iwe anwani ya domeini yako, ya mgeni ikae kwenye sehemu ya kujibu, na ujumbe upitie SMTP, njia ya kutumia barua pepe, yenye neno la siri, huku rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua imetoka kweli kwenye domeini yako, zikiwa zimewekwa. Ijaribu fomu kwa anwani ya Gmail na ya Yahoo kabla ya kulipa shilingi ya mwisho.

Kuhusu cheti cha https, kile kinacholinda mawasiliano kati ya mgeni na tovuti: vya shirika la Let's Encrypt ni vya bure, hudumu muda mfupi, na seva nyingi huvihuisha zenyewe. Ukiletewa ankara ya cheti kila mwaka, uliza kimetolewa na nani.

Mtengeneza tovuti,
Dar es Salaam