Mheshimiwa Spika, unakikumbuka kiti chako cha kwanza?

Kwa Mheshimiwa Moses Wetang'ula, Spika wa Bunge la Kitaifa, Nairobi

Mheshimiwa Spika,

Uliingia bungeni ukiwa mmoja wa wabunge 12 wa kuteuliwa, enzi ambazo viti hivyo vyote vilikuwa mkononi mwa Rais Moi: ampendaye ndiye ampaye. Mwaka 1997, baada ya watu kuuawa katika maandamano ya Saba Saba ya kudai mageuzi, wabunge wa chama tawala, KANU, na wa upinzani waliketi pamoja katika kundi la IPPG. Wakakubaliana viti hivyo vigawanywe kwa nguvu ya kila chama bungeni. Hilo likaandikwa kwenye Katiba, likadumu.

Jingine halikuandikwa. Walipatana kwamba upinzani upendekeze baadhi ya makamishna wa tume ya uchaguzi, Moi akatekeleza, wakatosheka na ahadi ya waungwana. Mwaka 2007 Rais Kibaki akateua makamishna bila kuushirikisha upinzani, na hakuna kifungu alichovunja. Yaliyofuata Desemba ile unayajua. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Sisemi ni uteuzi pekee uliowasha moto. Nasema matokeo yalitangazwa na tume ambayo upinzani ulikwisha kuitilia shaka.

Ndiyo sababu ripoti ya Bomas ya 2023, iliyotokana na mazungumzo ya serikali na upinzani, inaninyima usingizi. Kalonzo Musyoka wa upinzani na Kimani Ichung'wah wa upande wa serikali, ambao kisiasa hawapikiki chungu kimoja, waliiongoza kamati ile pamoja. Sehemu ya tume ya uchaguzi ikawa sheria Julai 2024. Utekelezaji wa ripoti nzima ukaingizwa katika mkataba ambao Rais Ruto na Raila Odinga waliutia saini katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi, tarehe 7 Machi 2025. Oktoba tukamzika Raila kule Bondo. Mkataba wa watu wawili, mmoja hayupo: nani sasa atamdai mwenzake?

Tafadhali tusiambiwe idadi ya wabunge wa kubadili Katiba haipatikani. Mwaka 2019, mswada wa thuluthi mbili ya jinsia, wa kuongeza wanawake bungeni, ulipoletwa, wabunge 233 waliohitajika hawakuonekana ukumbini. Lakini tarehe 1 Julai 2025, mswada wa kuiingiza NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, kwenye Katiba ulizoa kura zaidi ya 300. Siku hiyo sikusikia mheshimiwa yeyote aliyekuwa na matanga kijijini.

Ombi langu ni moja. Miswada ya Bomas iliyosalia iwekwe kwenye ratiba ya Bunge mapema, kabla joto la uchaguzi wa 2027 halijawatawanya wabunge, na kura ipigwe kwa kutaja majina. Mimi mwenyewe naipinga sehemu ya kuwaundia wakubwa ofisi mpya. Hata hiyo ilete. Ikianguka, tujue aliyeiangusha ni nani, nasi tuna karatasi zetu za kura mwaka huohuo.

Wako mtiifu,
Mpiga kura, Nakuru