Moto wa taka na majivu yake

Mhariri,

Hii marufuku ya kuchoma taka na majani nje wakati wa kiangazi watu wanaiona uonevu tu, ila mbona hakuna anayeongelea majivu? Mtu anachoma asubuhi, moto ukififia anaingia zake ndani, kumbe chini ya jivu kaa bado liko hai, linaweza kukaa hivyo hata siku nzima, upepo ukivuma mchana cheche zinarukia nyasi kavu za jirani na hapo ndo mbio za ndoo zinaanza. Mwaga maji, koroga, mwaga tena mpaka moshi uishe. Matairi na plastiki ndo msiguse kabisa, moshi wake sumu. Ila na wakubwa nao, mnapiga marufuku halafu gari la taka halionekani, watu wazipeleke wapi?