Mpwa wangu, usiitikie kazi usiyoijua

Assalaam alaykum mwanangu,

Idd mosi ulikaa peke yako barazani, sahani ya pilau imepoa mapajani, simu umeisogeza karibu na uso. Nilipopita nyuma yako niliona maiti za watoto zimepangwa, zimefunikwa shuka nyeupe. Ukaizima haraka, ukanitazama kama mtu aliyefumaniwa. Mwanangu, kuwalilia watoto wale si kosa. Mimi pia huwalilia. Ila kuna habari ya kijana wa hapa hapa Unguja nataka uijue, na nakuandikia hadharani kwa kuwa najua wako wengi kama wewe.

Khalfan Khamis Mohamed ni wa Kidimni, mzaliwa wa miaka ya sabini. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Shule alikuwa akiiweza, lakini aliiacha njiani akavuka kwenda Dar es Salaam kufanya kazi katika duka la kaka yake. Nawe uko huko huko Dar, dukani; unaona sasa kwa nini sipati usingizi. Daktari wa akili aliyemhoji wakati wa kesi, Jerrold Post, alieleza kijana aliyekuwa mpweke mjini, msikiti ndio pahala pake pekee pa kukaa na watu. Huko akaonyeshwa kanda za makaburi ya halaiki ya Waislamu wa Bosnia, nchi ya Ulaya iliyokuwa vitani. Akaambiwa hao ni ndugu zake, na kuwasaidia ni wajibu wake.

Huruma yake ilikuwa ya kweli. Hilo silikatai.

Mwaka 1994 akaenda Afghanistan kufunzwa silaha, nia yake apelekwe Bosnia. Hawakumpeleka. Wakamrudisha nyumbani, na namna ya kumpata wakabaki nayo. Hapa ndipo ninapokwama kila nikiifikiria habari hii. Alikwenda kuwatetea wanaochinjwa, na wale waliomfunza hawakuwa na haja na hilo. Baadaye walichokitaka kwake ni Mswahili wa kawaida, anayeweza kukodi nyumba Dar bila jirani kushtuka.

Vita vya Bosnia vikamalizika 1995. Mwaka 1998 akafuatwa, akaulizwa kama yuko tayari kwa kazi ya jihadi. Akasema ndiyo. Kazi gani, ya kumfanyia nani, hakuuliza. Nyumba ikakodiwa Ilala, na ndani yake bomu likatayarishwa na kupakiwa kwenye lori.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, asubuhi, lori lile likalipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Mbele yake palikuwa na gari la maji, na ndilo lililopokea kishindo. Watu 11 walikufa, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Asubuhi hiyo hiyo ubalozi wa Marekani Nairobi nao ulilipuliwa, wakafa 213. Mwanangu, mtu wa gari la maji Dar es Salaam alikuwa na hatia gani kwa watu wa Bosnia? Mama gani wa Bosnia alifutwa machozi siku ile?

Yeye alikimbilia Cape Town, akawa anafanya kazi kwenye mkahawa wa baga, mpaka alipokamatwa Oktoba 1999 na kupelekwa New York. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuja kusema kwamba kumtoa bila kupata ahadi kuwa hatauawa kwa hukumu ya kifo kulivunja sheria. Nalipenda neno lile: hata yeye, nafsi yake ilikuwa na haki. Wazee wa baraza kule New York hawakuafikiana kumhukumu kifo, na Oktoba 2001 akapewa kifungo cha maisha. Hakuwa hata na miaka 30.

Huyo anayekutumia video usiku simjui. Huenda ni mtu mwema mwenye uchungu kama wako. Lakini akikuambia usimwonyeshe mama yako, au akikuambia kuna kazi, muulize ni kazi gani, na atakayeumia ni nani. Akikwepa, nipigie hapo hapo, hata iwe saa tisa ya usiku. Sitakugombeza.

Jumamosi navuka na boti ya kwanza. Mama yako ameniwekea vileja vyako. Nimekwisha kusema na mwenye duka, atakuruhusu kuanzia adhuhuri. Nionyeshe zote ulizonazo, tuzitazame sote wawili.

Mjomba wako