Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: hata Uhuru lilifungiwa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu leseni za magazeti, na ushahidi wangu nautoa nyumbani kwenu, kwenye Uhuru, gazeti la Chama, yaani CCM.

Pale ninapopandia daladala kuna meza ya magazeti. Tunasimama kusoma vichwa vya habari bila kununua. Muuzaji akituchoka anayafunika. Tarehe 11 Agosti 2021 tulijazana kuliko siku zote. Uhuru lilikuwa limeandika ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea 2025, jambo ambalo hakulisema. CCM yenyewe ikasimamisha gazeti lake kwa siku 7 na kuwaweka kando wakubwa wa kampuni. Mtoto kakosea, mzazi kamwadhibu. Mimi ningesema yameisha.

Hayakuisha. Serikali nayo ikasitisha leseni kwa siku 14, kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

Hebu tazama ni gazeti gani hilo. Lilianzishwa mwaka 1961 na TANU, chama kilichozaa CCM, Benjamin Mkapa alilihariri kabla hajafikiriwa urais, na mwenye mali ndiye anayeongoza nchi. Kama hilo linafungwa kwa barua ya ofisa mmoja, bila hakimu, gazeti la mpinzani litapona wapi? Tanzania Daima, la familia ya Freeman Mbowe, lilifutiwa leseni Juni 2020 na kurudishiwa Februari 2022. Uhuru siku 14, Daima karibu miezi 20. Tofauti hiyo sisi wa mezani tuliiona.

Sina ugomvi na chama kumiliki gazeti. Ninayelinunua Uhuru najua nimenunua sauti ya nani, na wa Daima alijua vilevile. Ninachogombana nacho ni leseni ya kuombwa upya kila mwaka. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilikuwa kali, tena kali sana, lakini gazeti lilisajiliwa mara moja. Mabadiliko ya 2023 kwenye sheria ya 2016 yamelegeza mambo kadhaa. Leseni yakaiacha palepale.

Peleka muswada bungeni, Mheshimiwa. Gazeti lisajiliwe mara moja, na likisema uongo lishtakiwe mahakamani, la Chama na la mpinzani, kwa kifungu kilekile.

Ni mimi,
Msomaji wa vichwa vya habari, Dar es Salaam