Shukrani kwa dereva wa Fuso aliyetuvusha korongo

Kaka, hata jina hatukukuuliza. Usiku ule wa Februari mvua ilikuwa imejaza korongo la njia ya kijijini kwetu, mbele ya Kongwa, na gari lililobeba mwili wa Babu likazama kwenye tope. Mtandao hakuna, akina mama kimya. Ukatokea na Fuso ya mahindi, ukashuka pekupeku na kamba mkononi. Karibu saa nzima tulihangaika mpaka likatoka. Nilipokupa hela ukasema, "Kanunulieni sukari ya msibani."

Nataka umjue uliyemvusha. Babu alikuwa mtoto Waingereza walipoleta matrekta ya mradi wa karanga Kongwa, mwaka 1947. Mradi ulikufa, ukame na udongo unaokauka kama saruji viliwashinda, naye alicheka mpaka uzeeni: "Walikuja na mashine, mvua hawakuiuliza." Yeye alilima mtama na uwele kwa jembe la mkono, akasomesha watoto saba. Jioni hagusi ugali na mlenda mpaka atuhesabu wajukuu wote. Akikosekana mmoja, huyo anatoka na tochi. Ukali nao alikuwa nao, tusidanganyane. Fimbo yake ya mpingo naijua vizuri.

Tulimzika kesho yake saa nane mchana, jirani na zizi lake. Mama alikutafuta kwenye umati, alikuwa amekuwekea chakula. Ukipita tena na mzigo, nyumba ni ile yenye mbuyu. Piga honi.